Minazi Saba kwa Nafasi Melini

Meli ile ilitugharimu minazi saba. Nimeihesabu mara mbili, na haikupungua. Juzi huku mtaani Shika Adabu nilimkuta fundi akikwangua kutu ya lango, na harufu ile kavu ya chuma ikanikumbusha mjomba Mwero, ndugu wa mama, alivyokuwa akija kwetu na vumbi la kutu kwenye nyusi.

Alikuwa kibarua kwenye meli kuukuu ya mafunzo kule Mtongwe. Jioni alitusimulia ilivyopigana vita vya Wazungu, ikatobolewa ubavuni ikatiwa kiraka, ikaletwa kwetu uzeeni. Mizinga iling'olewa, ghala la risasi likawa darasa la wanamaji vijana. Mimi na kaka Nyawa tulisikiliza mpaka chai ikaganda utando.

Nyawa akalitamani darasa lile kuliko chakula. Mjomba akasema nafasi ipo, ila wakubwa hawaendewi mikono mitupu. Baba akaweka rehani minazi yetu kwa rafiki wa mjomba, mjomba mwenyewe akiwa mjumbe, na kwa desturi yetu mwenye rehani hula nazi mpaka alipwe. Pesa akakabidhiwa mjomba azipeleke. Baba alitaka shahidi. Mama akanuna, mjomba wa watoto hawekewi shahidi.

Siku ya kuripoti, Nyawa alivaa viatu vya baba, nikamsindikiza. Askari wa langoni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mjomba wako hukwangua kutu. Haandiki mtu."

Nyawa alivua viatu, akarudi peku, visichakae bure.

Wiki ile ile baba alimkuta mjomba juu ya mnazi wetu, anaangua. Rafiki hakuwapo tangu mwanzo: pesa zilitoka kwa mjomba, zikapitia kwa baba, zikarudi kwa mjomba.

"Shemeji," akaita kutoka juu, "chukua hata mbili za mchuzi."

Ukubwani nilimuuliza mwanamaji mstaafu habari za meli ile. Vita, kiraka, darasa, vyote vilikuwa kweli. Ndipo nikaelewa: mjomba hakutudanganya habari za meli hata chembe. Uongo ulikuwa mmoja tu, naye aliusubirisha mpaka tukaizoea kweli yake.

Nyawa sasa ni mlinzi wa ghala Miritini, bahari haitaji. Mjomba amezeeka, na kila Krismasi hututumia gunia la nazi za minazi ile ile, ambayo hatukuikomboa kamwe, eti zawadi. Mama husimama karibu yangu, anangoja nimpigie simu kushukuru.

Nishaurini, jamaa. Mtu hushukuruje kwa nazi zake mwenyewe?