Katoni Zimeenda Wapi?

Juzi nilikuwa dukani kwa mzee mmoja hapa Eldoret, kununua sukari, akaingia afisa wa kaunti anayepima taka. Kazi yake ni kujua mji unatupa nini, na kila aina inatoka wapi: nyumbani, sokoni au dukani. Alipima plastiki, akapima viazi vilivyooza, kisha akakuna kichwa.

"Mzee, mwezi uliopita ulikuwa unatupa katoni mingi sana. Leo hakuna hata moja. Biashara imelala?"

Mzee alitabasamu kidogo. "Biashara iko sawa. Ni macustomer wanazichukua."

"Za nini?"

Mzee alinyoosha kidole tu, kuelekea bango la mgombea lililobandikwa mlangoni. Aliyejibu ni mama mmoja mbele yangu, polepole, bila kumtazama mtu. "Ile mwaka tulichomewa nyumba baada ya kura, nilitoka na watoto na sufuria moja. Siku hizi kura ikikaribia, napanga vyombo kwa katoni mapema."

Afisa aliandika, akijisomea kwa sauti: "Taka za karatasi zimepungua." Nikawaza jinsi wakubwa Nairobi watakavyotupigia makofi. Eldoret sasa ni mji safi!

Alifika mlangoni, akasimama, akarudi hadi kaunta na kuinama.

"Mzee, hiyo katoni ya mafuta ikiisha, niwekee."

"Panga laini," mzee akamwambia, akininyooshea kidole mimi. "Huyu aliniambia jana."