Mama Aliyekuja Kukagua Sakafu Yangu

Mwanamke nisiyemjua aliingia sebuleni kwangu mchana kweupe, akavua viatu, akapiga magoti, halafu akanigombeza kwa sababu ya rangi ya grauti kati ya vigae.

Sitanii. Sebuleni kwangu. Na mimi nikiwa nimeshika sponji.

Ngoja niwasimulie tangu mwanzo, maana hata mimi mwenyewe kuna siku bado siamini.

Nyumba ninayokaa aliiacha mama. Ni yetu wawili, mimi na kaka yangu, na majina yetu yote yamo kwenye hati. Kaka anaishi mbali na mkewe. Huyo wifi yangu kila akinipigia simu huniita "pacha wangu."

Mimi ndiye niliyebaki na mama miaka sita ya ugonjwa. Nilimwogesha, nilimlisha, mpaka siku namzika. Sina kwingine pa kwenda, na sijawahi kutafuta.

Sakafu ilikuwa ya saruji tupu, imepasuka kama kisigino. Miaka yote hiyo kaka hakuwahi hata kuiulizia.

Basi siku moja gari likasimama nje, limejaa maboksi ya vigae.

"Dada, umeteseka vya kutosha," kaka akasema. "Hii zawadi yako."

Jamani, nililia. Nilimkumbatia kaka yangu mbele ya dereva na wabeba mizigo, sikuona haya.

Fundi akaja, akatandika vigae vyote, vimenyooka kweli kweli. Lakini kabla hajajaza mistari, akagombana na kaka kwenye simu, akabeba ndoo yake akaondoka. Ile grauti, ule unga wa kujazia kati ya kigae na kigae, ikabaki kwenye mfuko.

"Jaza mwenyewe, dada," kaka akaniambia. "Nitakuelekeza kwa simu. Ila rangi ni hiyo hiyo kijivu, usibadilishe."

"Kijivu itatia giza sebule, kaka."

"Nimesema kijivu. Usinibishie."

Nikashangaa. Tangu lini kaka akajali rangi ya kitu? Huyu mtu alioa amevaa soksi mbili tofauti!

Nikajisemea, atakayepiga deki ni mimi, si yeye. Nikabeba mfuko mpaka duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji akanibadilishia, akanipa rangi ya maziwa. Kaka sikumwambia.

Ile kazi isikieni tu kwa wenzenu.

Unachanganya unga na maji kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama dawa ya meno. Unausukuma ndani ya mistari kwa kibao cha mpira, tena unakwenda mshazari, maana ukifuata mstari unachimbua kile kile ulichojaza. Unasubiri kidogo, unafuta kwa sponji lililokamuliwa. Maji yakizidi, umeharibu.

Siku mbili nilitembea kwa magoti. Kiuno kiliniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini nilikuwa na furaha, nyie. Nilikuwa naimba.

Siku ya tatu, nikiwa nafuta lile vumbi jeupe linalobaki juu ya vigae, ndipo akatokea yule mwanamke niliyewaambia, mama mwenye miwani.

"Hodi," akasema, akiwa ameshaingia.

"Karibu, mama."

Hata hakuniangalia. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mstari.

"Hii si kijivu."

"Ndiyo, mama. Ni rangi ya maziwa."

"Nani kakuruhusu? Mimi nilisema kijivu! Nina wajukuu wanne, wiki moja tu hii itakuwa imeshachakaa!"

Nikajua amekosea nyumba. Nikamwambia kwa upole, "Mama, nadhani umepotea. Hapa ni kwangu."

Akavua miwani, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kwani wewe si yule dada wa kazi?"

"Dada wa kazi wa nani?"

"Aliyekuwa anamhudumia marehemu. Mwenye nyumba katuambia unaondoka mwisho wa mwezi, na sisi tunahamia. Mambo yote tumeshamaliza, imebaki sakafu tu."

Sponji likanidondoka. Nikakaa pale pale chini.

Kaka yangu wa tumbo moja. Miaka sita namgeuza mama kitandani, kumbe mimi ni dada wa kazi. Nisiwadanganye, neno hilo liliniuma kuliko hata habari ya nyumba.

"Mama," nikasema, "hii nyumba ina wenyewe wawili. Mmoja ni mimi. Na sijasaini popote."

"Usinichezee. Dada wa mwenye nyumba nimeonana naye. Alisaini mbele yangu kwa mkono wake."

"Yukoje huyo dada?"

"Mfupi, mweupe, ana mwanya. Anacheka sana. Ndiye aliyenisaidia kuchagua kijivu."

Mwanya.

Pacha wangu!

Nikainuka, nikaenda chumbani, nikarudi na kitambulisho changu na picha ya harusi ya kaka. Nikakaa tena pale chini, nikaweka kidole kwenye uso wa bibi harusi. Yule mama akatazama picha, akatazama kitambulisho, akatazama picha tena. Halafu naye akakaa chini, kwenye kigae cha jirani.

Tulikaa hivyo, watu wawili wazima, kila mmoja na kilio chake.

Mwisho akatoa simu, akampigia kaka, akaweka spika.

"Mwenye nyumba, rangi ya sakafu siyo tuliyokubaliana."

"Aa, huyo dada wa kazi huyo!" Ilikuwa sauti ya kaka kabisa, ya uchangamfu. "Hajui hata kusoma, mama, msamehe. Mwambie akwangue aweke nyingine. Akileta ubishi mtoe nje, si ndugu yetu yule."

Nikasogea karibu na simu.

"Kaka, shikamoo."



Nyuma nikamsikia wifi anauliza, "Nani huyo?" Simu ikakatika.

Yule mama hakuwa wa mchezo. Wiki ile ile alimfikisha kaka kunakohusika, na mauzo yakafa, kwa kuwa saini haikuwa yangu. Nyumba ikabaki kama alivyoiacha mama.

Mimi, mjinga wa watu, nikasubiri kaka aje kuomba msamaha. Nilishaandaa hata maneno ya kumjibu.

Akaja kweli, Jumamosi, na nyundo na tindo.

"Nimekuja kuchukua vigae vyangu."

"Vichukue," nikasema. Nikavuta kiti, nikakaa.

Cha kwanza kikapasuka vipande vitatu. Cha pili hivyo hivyo. Saruji na grauti vikishashika, kigae hakitoki kizima, lakini angejuaje mtu ambaye hajawahi kushika kazi ndani ya nyumba hii? Cha tatu kikamkata kidole.

Akasimama katikati ya sebule, damu inadondoka, akinitazama. Nikaenda kuchukua kitambaa, nikamfunga. Akaomba maji, nikampa.

Msamaha hakuomba. Nikamfungulia mlango.

Sasa mnaonisoma, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwangu kililetwa kwa gari, kwenye maboksi, na nilikipokea kwa machozi ya furaha. Ndugu akikupa zawadi, pokea na ushukuru, lakini muulize mbele ya watu: "Hii ni yangu kweli?" Akikasirika, usimuulize tena, maana ameshakujibu.