Gemu ya Matofali na Jicho la Bibi

Enzi zetu pale Pasiansi, gemu haikupakuliwa, ililetwa na mjomba. Wetu alianza biashara ya vitu vya nje kipindi cha ruksa, bidhaa hizo ziliporuhusiwa kuingia, na siku moja akatoa mfukoni kidude cha plastiki chenye kioo cha kijivu. Ndani yake matofali meusi yalidondoka, unayapanga. Mstari ukijaa unafutika, yakirundikana hadi juu umekufa. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati, nazo zikafufuka kidogo. Vijana wa leo chaji ikishuka nusu tu wanahema. Sisi tulicheza na betri zilizokwisha kabisa.

Bingwa wa nyumba alikuwa kaka yangu Masalu, wa darasa la saba. Mimi nilipata zamu akienda kuoga, naye hakuwa mtu wa kuoga sana.

Likizo moja Bibi, mama yake mama, akaja kutoka Magu kupasuliwa jicho. Lile jingine lilishakufa zamani. Akarudi kutoka hospitali na bandeji, akakaa sebuleni, mwanamke aliyelima pamba maisha yake yote. Chakula anagusa tu.

"Kakae na bibi yako," Mama akaniambia. "Usimwache peke yake."

Masalu akanihurumia, akaniachia gemu.

"Hicho kinacholia ni nini?" Bibi akauliza.

"Matofali, Bibi. Yanadondoka, nayapanga."

"Yamekaaje?"

Nikamweleza. Kuna refu kama fimbo, kuna la mraba kama sanduku, kuna lililopinda kama jembe. Akasikiliza, kisha akaanza kuniamuru: "Jembe lilaze ukutani. Hapo pembeni acha wazi, fimbo itakuja." Na fimbo ikaja. Kesho yake uji haujapoa akasema, "Washa hicho kidude." Siku ya tatu tukavuka rekodi ya Masalu.

Masalu akakataa. "Mmecheza wawili."

"Mimi sioni, kwa hiyo ni nusu mtu," Bibi akajibu. "Umeshindwa na mtu mmoja na nusu." Akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

Mchana, siku moja kabla ya kufunguliwa bandeji, alinishika mkono katikati ya mchezo. "Jicho likikataa, utakuwa unanieleza na mengine?" Nikasema ndiyo, haraka, maana fimbo ilikuwa inashuka. Ukubwa wa swali lile niliuelewa miaka mingi baadaye.

Kesho yake tulimwona akiingia getini mbele ya Mama, hajashikwa mkono. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akaomba gemu.

"Kumbe jembe lenyewe dogo hivi," akasema. Akacheza, matofali yakajaa upesi, akafa. Akanirudishia. "Ilikuwa rahisi nilipokuwa sioni."

Siku hizi mwanangu anacheza kwenye simu, masikio ameyaziba, anapambana na watu wa nchi ambazo hata hajui ziko wapi. Simkatazi. Vidole vyake vina kasi ambayo sisi hatukuwa nayo, nakubali. Juzi alipigwa vibaya, nikamuuliza nani amemshinda. Akasema hajui. Sisi aliyetushinda tulimjua kwa jina na kwa ukoo, na jioni tulikula naye sahani moja.