Tutamusindikiza

Patron, mwenye kazi yetu, aliporudi kutoka Beni, kwenye formation, yaani mafunzo, nilianza kumchunguza. Mtu ambaye miaka yote alitusalimia kwa kukohoa tu, sasa anauliza kama tumelala vizuri! Nikajiambia, huyu ana jambo. Barabara ya Eringeti ilikuwa haina usalama, mbao zilitufikia kwa shida, na wateja wa vitanda walikuwa wamepungua. Patron anayecheka wakati kazi imepungua ni wa kuogopwa.

Atelier yetu, karakana ya useremala, iko Mususa. Mimi napiga msasa na kupaka vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa kwenye msumeno wa mashine. Na mdogo wangu alikuwa anakunywa. Sisemi bia ya Jumapili baada ya misa. Nasema lotoko, pombe kali ya mahindi, toka asubuhi, ndani ya chupa ya maji. Akifika alisimama kwanza karibu na meza yangu ili harufu ya vernis ifunike ya mdomo wake. Sote wawili tulijua kwa nini anasimama pale, na hatukuwahi kulisema. Kila mashine ilipobadilisha sauti niliruka, nikatazama kwanza vidole vyake.

Basi asubuhi moja, baada ya sala, patron akatukusanya uani.

"Batoto yangu, mutu mwenye kusumbuliwa na pombe, chanvre, ni kusema bangi, ao tumbaku, akuje kwangu. Hapana kuogopa. Hatutamufukuza. Tutamusindikiza."

Macho yetu yote yakaenda langoni. Kwetu mgeni akishakula na kuaga, unamsindikiza hadi njiani, naye anakwenda zake. Kusindikizwa ni kuondoka. Tukaelewa kwamba tutatolewa, ila kwa adabu.

Toka siku ile atelier ikawa kama nyumba ya masista. Wavuta sigara walitafuna tangawizi. Fundi wa viti, ambaye mfuko wake ulinuka bangi hadi upande wa pili wa barabara, aliapa kwamba ni majani ya dawa ya kikohozi. Kila mmoja alimshuku mwenzake kuwa ndiye masikio ya patron. Mimi niliwashuku wote, hata mama aliyetuletea chakula cha mchana, kwa sababu aliuliza mno kwa nini mdogo wangu hamalizi sahani yake.

Kisha patron akamwondoa mdogo wangu kwenye mashine, akampa kazi ya kupanga mbao. Mshahara uleule. Huo uleule ndio ulionichoma. Nani siku hizi anapewa kitu cha bure? Nikatupa brashi, nikamfuata bureau, ofisini kwake.

"Patron, munamufukuza mudogo yangu polepole?"

"Nani alisema kufukuza? Nilisema tutamusindikiza."

"Ndiyo ile! Mugeni tunamusindikiza mpaka ku njia, hapana kurudia naye ku nyumba."

Alinitazama kama asiyeelewa, halafu akacheka mpaka akashika meza.

"Mais mama, ni accompagner! Kutembea na mutu. Kwenda naye, na kurudia naye."

"Na ku mashini, mulimuondoa juu ya nini?"

"Juu ninapenda abakie na vidole yake yote."

Jibu zuri. Mimi majibu mazuri mno hunitia wasiwasi. Nilirudi kwenye vernis yangu bila kusadiki hata neno moja.

Jumatatu iliyofuata nikawaona wanatoka langoni, patron na mdogo wangu, kwa miguu. Patron, mwenye pikipiki mbili, kwa miguu! Nikasema, siku ndiyo hii, anakwenda kumwacha njiani. Nikawafuata kwa mbali, vernis ikinikaukia mikononi, nikijibanza nyuma ya wamama wauza mihogo. Matusi nilikuwa nimeshayapanga mdomoni. Lakini hawakwenda polisi, wala kwa inspecteur wa kazi. Waliingia kituo cha afya.

Nilisimama nje ya dirisha. Walikaa kwenye benchi, wamebanana na akina mama wenye watoto. Muuguzi akatokea.

"Mugonjwa ni nani?"

Nilingoja patron ajibu. Nilikuwa na hakika ataropoka mbele ya watu kwamba mlevi ni huyu. Yeye alitazama viatu vyake tu. Halafu mdogo wangu, ambaye sisi wa nyumbani tulimsingizia malaria kila wiki, akasimama.

"Ni miye. Ninakunywa lotoko toka asubuhi. Ninashindwa kuacha."

Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilijivunia. Sikuwa nimemsikia akiyasema hayo hata kwa mama yetu.

Muuguzi akauliza tena, "Donc, garde-malade yake ni nani?"

Kwetu garde-malade ni mtu wa damu, mama, mke au dada. Ndiye anayelala kando ya mgonjwa, anayempikia na kumfulia.

Patron akainua mkono. "Ni miye."

Sitaficha: nilichokisikia si shukrani. Ni wivu. Nikasukuma mlango.

"Hapana! Garde-malade ni miye. Tulitoka tumbo moja."

Mdogo wangu akanigeukia mimi, dada yake mkubwa.

"Yaya, ulikuwa unanifuata?"

"Hapana weye. Nilikuwa ninafuata huyu," nikasema, nikimwonyesha patron kwa kidevu.

Patron alikuwa amekwisha kusimama ili aniachie nafasi. Nikamtazama usoni, nikitafuta ule ujanja niliokuwa nikiutafuta toka aliporudi kutoka Beni. Sikuuona, na bado sikuwa na hakika.

"Mukae, patron," nikamwambia. "Musogee kidogo tu."