Okei Niliyowaachia Majirani

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, kwetu karibu na kiwanda cha chai cha Itumbe, mimi na mama tumesimama kwenye shamba letu la chai tukiwangoja majirani ambao hawakutokea.

Mwanangu, lazima kwanza ujue egesangio. Ni majirani kuungana, leo wanachuma kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na okei haikunitoka mdomoni. Mgonjwa akilalamika, okei ya kumtuliza. Mzee akirefusha maneno, okei ya kumkatiza. Jirani akiniita shambani kwake, okei, kisha najifunika blanketi. Mama alikwenda badala yangu, na uvivu wangu ukafichika. Halafu akaumia mguu, zamu zikawa zangu. Niliziitikia zote, sikwenda hata moja.

Zamu yetu ilipofika nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaalika. "Okei," walinijibu, wengine wakicheka. Sikuuliza wanacheka nini.

Jua likapanda. Majani yalikuwa yanakomaa, na lori la kiwanda halimngoji mtu. Mama akajitwika kikapu mgongoni, akaingia kati ya mistari akichechemea. Ndipo akapita Nyanya Nyaboke, mkuu wa kikundi, jembe begani.

"Nyanya, si uliniambia okei?"

"Nimekurudishia okei yako, mjukuu wangu. Mimi Kiingereza changu nitakitoa wapi kama si kwako?" Kisha akamwona mama. Akaweka jembe chini. "Huyu nitamsaidia. Wewe usijihesabu."

Tulichuma watatu mpaka lori likaondoka, na sehemu kubwa ya shamba ikabaki. Mguu wa mama ulizidi kuumia siku ile, haukunyooka tena. Yeye hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye ninayejua ulipinda kwa sababu ya nani.

Wahenga walisema muungwana ni kitendo. Siku hizi nawaona mkiandika okei kwenye simu kabla hamjamaliza kusoma mlichoombwa. Itumieni kumtuliza mgonjwa, hata kumaliza mazungumzo, haidhuru. Lakini mtu akikuomba mikono yako, muulize ni siku gani, utazame kama miguu yako itafika. Ukiona haitafika, mwambie hapana mapema. Hapana humpa mtu nafasi ya kutafuta mwingine. Okei tupu humwacha amesimama kwenye ukungu.

Mungu akujalie majirani wema, mwanangu, na akuamshe mapema siku ya zamu yao.