Emérence na Filta Fupi ya Gari la Maharusi

Saa moja asubuhi, ukungu bado umekalia mabati ya mtaa wa Furu, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, na kinachoonekana cha Emérence Kavuo ni buti zake tu. Mwili uliobaki uko chini ya gari jekundu la spoti, juu ya kipande cha kartoni kilichokunywa oili mpaka kikawa cheusi. Anaongea peke yake kwa Kinande. Ukitega sikio vizuri utagundua analigombeza gari.

Gari lenyewe lina milango miwili, na liko chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita uvunguni itambidi ainame. Tuseme ukweli, barabara zetu hazikulifikiria. Lakini Papa Salomon, mfanyabiashara wa vitenge, alilileta kutoka Dubai, na tangu siku hiyo hakuna harusi ya maana mjini isiyolitaka. Jumamosi litampeleka bibi harusi mmoja, Joyeuse, mpaka kwa wakwe zake Beni, huku msafara wa pikipiki ukipiga honi nyuma yake.

Kabla ya safari lazima lifanyiwe vidange, yaani oili ya zamani imwagwe na libadilishiwe filta inayoichuja. Ni kazi ambayo Emérence angeifanya huku akiimba. Safari hii haimbi, kwa sababu filta aliyopewa haitaki, na kuikataa kunaweza kumpotezea mteja mkubwa kuliko wote alionao.

Kwa msomaji wa mbali, jambo hili linahitaji maelezo. Huku kwetu mwenye gari hamtumi fundi dukani. Huenda mwenyewe sokoni, huchagua kipuri mwenyewe, hukileta kwenye sashe, ule mfuko mweusi wa plastiki, na kusimama pembeni mpaka kifungwe. Anaogopa fundi atapandisha bei na kula cha juu. Fundi naye hupokea sashe, hushukuru, hufunga. Akisema kipuri hakifai, maana yake moja tu inasikika: anataka atumwe yeye.

"Mutu akikuletea pièce na mukono yake, ashamaliza kukudhania muizi," anasema Emérence, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Hana ubaya. Njo vile tunazoea. Lakini ukifunga mubaya, motokari ikufe njiani, nani batauliza? Hapana ye. Ni miye."

Papa Salomon alileta sashe yake jana. Filta ya asili ya gari hili haipatikani Butembo, wala Beni, kwa hiyo alinunua ile ambayo mafundi wa hapa huiita adaptable, iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Alichagua kubwa, ya pikapu, na aliitoa kwenye sashe kwa fahari kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Muuzaji alimwambia kwamba kubwa huchuja zaidi, na kwamba nyuzi zake za kufungia, ile mizunguko kama ya parafujo, ni zilezile. Kuhusu nyuzi, muuzaji hakudanganya. Iliingia bila kubisha.

Shida ni urefu. Filta ya gari hili inaning'inia chini ya injini, mdomo juu. Ile plastiki ya kuikinga ilivunjika zamani, labda hata kabla gari halijapanda meli. Hiyo ndefu ya pikapu inashuka chini kuliko chuma kipana kinachobeba injini, kwa hiyo jiwe la kwanza litakalosimama katikati ya barabara litaanza nayo. Ikitoboka, oili inamwagika yote, na injini inakauka na kukwama na bibi harusi ndani.

Injini ya namna hiyo haipatikani huku. Na fundi ambaye mikononi mwake gari la Papa Salomon limekufa hatapata tena gari la mtu.

Jina lake ndilo mali kubwa aliyonayo Emérence tangu atoke mji wa Oicha. Huko mumewe, Luc, alikuwa na lori la kubebea kakao, na kwa kuwa lori lilikuwa linaharibika kila mara, mke alijifunza kuingia uvunguni pamoja naye. Luc alimfundisha kugusa kabla ya kufungua. Kisha watu wenye silaha wakaingia mashambani. Luc aliuawa kwenye kakao yake mwenyewe, na Emérence akashuka kuelekea kusini na watoto wake, Bénite na Précieux, na funguo chache za spana zikiwa zimefungwa kwenye kitenge.

Butembo haikumpokea kwa vigelegele. Apollinaire, mwenye garaji hii, alimruhusu kwanza aoshe vipuri, halafu afanye vidange za pikipiki. Wateja waliuliza fundi yuko wapi huku wakimwangalia yeye. Leo anachopata kinatosha kodi ya nyumba, unga na karo, na mwezi ukiwa mzuri hubaki kitu cha sabuni. Ni maisha membamba, na inauma kumsikia akiyaelezea huku anacheka.

Basi asubuhi hii, Papa Salomon anapofika na shati jeupe lililopigwa pasi, Emérence habishani naye. Anachukua jembe na kujenga tuta la udongo laini mbele ya lango, kimo cha mawe ya barabara ya Beni. Analikanyaga kidogo, anaingia ndani ya gari na kulipitisha polepole, tuta likiwa katikati ya magurudumu. Kisha anazima, anateremka, anaipangusa kartoni yake na kuielekeza kwa mkono.

"Papa, nakuomba, lala unione kazi yangu."

Mteja halali chini hapa, seuze mfanyabiashara wa vitenge. Apollinaire anageuka upande wa ukuta na kujifanya anatafuta bisibisi. Papa Salomon anaitazama kartoni, analitazama shati lake, na kwa muda inaonekana kama atadai ufunguo wake aondoke. Halafu anapiga goti, analala chali na kujisukuma ndani.

Emérence anajilaza kando yake, kwenye udongo mtupu. Kile chuma kipana cha injini ni safi. Filta mpya, inayong'aa, imevaa kofia ya udongo.

"Na ingekuwa jiwe?" inasikika sauti ya Papa Salomon kutoka uvunguni.

"Jiwe haiachake alama, Papa. Inatoboaka."

Anatoka na mgongo mweusi. Anajipapasa mfukoni, anatoa noti na kumwekea Emérence kiganjani bila kuzihesabu mbele ya watu.

"Wende, maman. Uchague weye."

Emérence anasema aliogopa kwamba atalia pale pale, mbele ya Apollinaire. Alikuwa hajawahi kutumwa na mteja.

Dukani anachukua muda wake, na muuzaji anapumua kwa nguvu kuonyesha amechoka. Anataka fupi, yenye nyuzi zilezile na mdomo wa upana uleule. Anabonyeza mpira wa mdomoni kuona kama umekauka. Anachungulia kwenye matundu kutafuta ulimi wa mpira unaozuia oili kurudi chini injini ikizimwa. Anatikisa, anasikiliza. Mbili anazirudisha. Ya tatu anaitia kwenye sashe, nyeusi vilevile, na hapo anacheka mwenyewe.

Kuifunga ni haraka. Anaangalia kwanza kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, kwa sababu mipira miwili ikikutana oili hutoka tu. Anapaka oili mpya mdomoni, anaijaza filta, anaizungusha kwa mkono mpaka iguse, halafu anaikaza kidogo tu kwa mkono uleule. Spana inabaki ndani ya kitenge. Injini inawaka, taa ya oili inazima, chini kunabaki kukavu.

Jumamosi gari lilikwenda. Joyeuse alifika Beni na shela yake, na msafara ulisikika, wanasema, kabla haujaonekana.

Jumatatu Papa Salomon alilirudisha garajini bila kuitwa, na akalala kwenye kartoni kabla Emérence hajavua koti. Kile chuma kipana kilikuwa kimechubuka, mchubuko mpya na mrefu. Filta, nyuma yake, haikuguswa. Akaita watu waje waone, kama vile kazi ni yake.

Emérence anaota kurudi Oicha siku moja usalama ukipatikana, afungue garaji kando ya barabara, na rafu ya filta alizozichagua yeye. Hiyo ni ndoto ya mbali, anakubali mwenyewe. Ya karibu ni hii: wateja wawili tayari wamekuja na sashe zao, na wote wawili, kabla hajafungua mdomo, wameuliza walale wapi.

"Nitatafuta carton ingine," anasema, akiichunguza ya kwake iliyooza kwa oili. "Ya muzuri, ya kusafi. Ile itakuwa ya baclient."