Mjukuu wa Mchaguzi

Kazi ninayoifanya, hapa Kindu ni wachache wanaoiamini. Natazama vijana wa Ulaya wanaocheza hoki juu ya barafu, vijana ambao ndevu bado zinawaota, halafu naiambia timu moja ya kule nani anafaa kuchukuliwa na nani aachwe. Majira ya baridi nakuwa Finland, nikizunguka kwenye majumba ya barafu ya miji midogo. Kiangazi kikifika narudi kwa mama, katika nyumba ya matofali ya kambi ya reli ambamo nilizaliwa. Nimeweka paneli za sola juu ya bati, antena pembeni, na kompyuta kwenye meza ya kulia. Joto likizidi namwaga maji sakafuni, navua viatu, na naendelea kutazama watoto wa watu wakiteleza kwenye baridi ya kukata masikio. Jirani akichungulia dirishani huuliza, "Sasa hawa wanacheza ao wanapigana?"

"Yote mawili," namjibu.

Jicho la kazi hii sikulipata Ulaya. Nilipewa na kaka yangu. Alikuwa mchezaji wa mpira, kiungo, na mimi mdogo wake nilikuwa namfuata kila uwanja, nimebeba shati lake. Tukirudi nyumbani hakuniuliza nani amefunga. Aliuliza, "Nani aliangalia nyuma yake kabla mpira haujamufikia?" Nikikosea alicheka na kunionyesha njiani, akigeuza shingo kushoto na kulia kama kuku anayevuka barabara. Mpaka leo, kijana akiwa barafuni, kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa fimbo sikifuati kwa macho. Natazama shingo yake.

Kisha vita ikaja. Treni zikasimama. Baba yetu, fundi wa reli aliyekuja kutoka Kasai akiwa kijana, alikufa kwa homa ambayo dawa yake ilikuwa mji mwingine. Barabara zikafungwa pande zote. Hata chumvi ilikuja kwa ndege, na mtu mwenye nafasi ndani ya ndege alikuwa mtu mwenye kesho.

Katika siku hizo tukasikia kwamba timu ya vijana wa Kindu itapelekwa Goma kwa mashindano. Kila mzazi alielewa maana yake. Mtoto akipanda ndege ile, atakuwa ametoka. Waliosafiri hivyo kabla, wengi hawakurudi, na hakuna aliyewalaumu.

Mchaguzi alikuwa mwalimu wa mazoezi, mtu wa upande wa pili wa mto unaoukata mji wetu, mwenye filimbi shingoni hata akiwa msibani. Alitucheka sisi watoto wa Kasai, lakini kwa mpira alijulikana kuwa na jicho. Siku ya majaribio kaka yangu alicheza mpira ambao sijaona tena kwa macho yangu, na nimeona vijana wengi. Watu walikuwa wanapiga kelele kabla hajagusa mpira, kwa vile walishajua atafanya kitu. Alipomaliza, mchaguzi alimwita mbele ya wote. Akayaangalia mapaja yake kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu iko na miguu ya kubeba mizigo," akasema. "Akili ya mupira haiko. Aende."

Mahali pa kaka yangu akamweka mtoto wake mwenyewe, kijana mpole, mzito, ambaye nilikuwa sijamwona akiangalia nyuma hata mara moja.

Mama alivuka mto kwa mtumbwi akaenda kuketi mbele ya mlango wa mchaguzi. Nilikuwa naye. Tuliketi toka asubuhi mpaka jua likatupita upande wa pili wa nyumba. Watu wa nyumba ile walipita, wakala, wakaosha sahani, na maji ya kuoshea yakatiririka mpaka miguuni petu. Mwishowe akatoka. Mama akapiga magoti.

"Mwalimu, nakuomba. Huyu njo mutoto wangu mwanaume mumoja tu."

"Mama," akasema, "mupira haisikie machozi." Akairuka miguu ya mama, akaenda zake.

Ndege iliondoka. Haukupita muda, wenye bunduki wakazunguka mitaa ya kambi wakikusanya vijana wa kuwabebea mizigo kwenye njia ya Pangi. Kaka yangu alikuwa anatengeneza baiskeli ya jirani. Alichukuliwa bisibisi ikiwa mkononi. Mtu mmoja aliyenusurika alituambia kwamba alimwona akianguka kwenye mteremko, na kwamba mzigo wake alipewa mwingine, yeye akaachwa pale. Zaidi ya hayo hatukuambiwa. Hatuna kaburi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mbili na nilijua nani nimchukie. Waliokuwa na bunduki walikuwa wengi, walibadilika kila msimu, na sikujua hata sura zao. Yule mwenye filimbi nilimjua. Nilipokua, chuki yangu niliibeba nikaondoka nayo: Uvira, kambi ya wakimbizi Tanzania, mwishowe Finland. Nilipoolewa kule niliolewa nayo. Mwanangu alipoanza hoki nilimsindikiza kama mama wengine, nikawa napiga video za timu, halafu nikasomea ukocha, na kidogo kidogo nikaajiriwa kuchagua. Mume wangu aliniambia siku moja kwamba nawatazama watoto wale kama mtu aliyepoteza kitu. Alikuwa karibu na ukweli.

Mama alikataa kunifuata. "Akirudi, atabisha mulango gani?" aliniuliza kwenye simu, na sikumwomba tena.

Miaka miwili iliyopita, katika ligi ya vijana ya Sweden, nilikuta kijana mweusi mwenye jina la ukoo ninalolijua. Niliuliza. Baba yake ni wa Kindu. Alitoka na timu ya mpira wakati wa vita akafika Ulaya kwa njia zake. Niliitoa miwani yangu, nikaifuta, nikaivaa tena.

Nilitaka awe mbovu. Nilimtazama mchezo baada ya mchezo, kama mtu anayechambua mchele akitafuta mawe. Nilisafiri mpaka Sweden kumwona kwa karibu, nikasimama nyuma ya kioo, mikono mifukoni. Kijana aliangalia nyuma ya bega lake la kushoto, kisha la kulia, kisahani kikamfikia, na tayari alishajua kitakwenda wapi. Alipokipoteza hakunung'unika wala hakutazama benchi. Aligeuka akakimbilia golini kwake kuzuia. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji mpaka mchezo ukaisha.

Katika kazi yetu sentensi moja inatosha kumzika kijana. Unaandika: anaogopa kugongwa. Hakuna atakayekuuliza ulionaje. Niliiandika sentensi hiyo na nikaitazama kwa muda mrefu. Halafu nikaifuta. Naomba nieleweke: sikumhurumia. Babu yake alisema uongo juu ya mchezaji ili apate alichotaka, na mimi sikukubali kufanana naye hata kwa kitu kimoja. Niliandika ukweli, kwamba huyu ni wa kuchukuliwa haraka, nikautuma. Kisasi changu nilimwekea mwenyewe, yule mwenye filimbi.

Na mwenyewe akaja kwa miguu yake. Kiangazi cha mwaka huo huo, nikiwa Kindu, mtu mzee alisimama kwenye baraza yetu, ameshika jogoo. Filimbi haikuwepo tena, lakini kidevu kilikuwa kile kile.

"Mama," aliniambia kwa heshima, "nimesikia wewe njo unachagua watoto wa ile mupira ya barafu. Mujukuu wangu iko Sweden. Nakuomba umuangalie. Neno lako moja tu."

Hakunijua. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. "Papa, ketini hapo," nikasema. "Niko na kazi."

Nikafunga mlango. Kutoka mezani nilimwona kupitia pazia. Jua lilimfuata ukutani, naye akawa anasogeza kiti. Jioni nilimwambia arudi kesho. Alirudi, na keshokutwa yake, na siku iliyofuata. Kila siku alivuka mto kwa mtumbwi akaketi. Nilikula, nikaosha sahani zangu, na maji nikayamwaga kwenye hatua za baraza. Yalimfika viatuni. Nilifurahi. Sitasema nilijisikia vibaya, maana sikujisikia.

Mama alikuwa ameenda Lokandu kwa dada yake, aliporudi akamkuta. Yeye alimjua mara moja. Aliingia ndani, akatoa kiti chake cha mianzi, akakiweka mbele ya mzee, magoti yakikaribiana, akaketi na kumwangalia. Mzee akamsalimu. Akaangalia pembeni, akakohoa, akarudisha macho, na mama bado alikuwa anamwangalia. Nadhani hapo ndipo kitu kilianza kumrudia.

Nilikuwa nimeshaongea na mtoto wa mzee, yule aliyeko Sweden. Nilipata namba yake kwa watu wa Maniema, mkoa wetu, walioko kule. Nilimwambia mimi ni mdogo wa nani. "Nilikuwa ndani ya ndege na nilijua," akasema. "Nimeishi nikijua." Nikamwomba kitu kimoja, akakubali.

Siku hiyo nikatoa kompyuta nje, nikaiweka kwenye kigoda mbele ya mzee. Majirani walishaanza kukusanyika, kwa kuwa mtu anayengoja siku nyingi mbele ya nyumba ni habari. Nikamwekea mchezo wa mjukuu wake.

"Mwalimu," nikamwita, "nyinyi ni mchaguzi. Munamuonaje?"

Uso wake ukachangamka. "Huyu mutoto iko na akili! Angalia vile anageuka!"

"Mimi naona iko na miguu ya kubeba mizigo," nikasema.

Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikasimama. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akatazama nyumba, matofali ya reli, mlango.

"Vita," akasema. "Mama, ile ilikuwa vita. Kila mutu alikuwa anaokoa wake."

"Najua mlimwokoa nani. Mwambieni mama yangu mlimtoa nani."

Akaanza kuinuka. Nikabonyeza, mchezo ukaondoka, na uso wa mwanawe ukajaa kwenye kioo. Alikuwa amevaa koti la kazi, macho mekundu. Mzee akabaki nusu amesimama, nusu ameketi.

"Papa," mwanawe akasema, "sema. Mimi niko nasikia."

Kuku wa jirani walikuwa wanaparua chini ya dirisha. Mzee aliketi, akaongea kwa sauti ya chini, macho kwenye jogoo wake aliyefungwa miguu. Alisema kwamba kaka yangu alikuwa mchezaji bora kupita wote. Kwamba aliliona hilo kabla ya nusu ya kwanza kuisha. Kwamba alimtoa akaweka mtoto wake, na maneno ya miguu aliyasema ili watu wasimuulize.

Mama akainama mbele. "Rudia," akasema. "Masikio yangu imezeeka."

Akarudia kwa sauti. Majirani wote walisikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani aliitua chini. Mama akamtaka alitaje jina la kaka yangu, naye akatafuta, midomo ikichezacheza, na ikaonekana wazi kwamba halikumbuki. Mwanawe ndiye aliyelitaja, kutoka Sweden. Mzee akalirudia nyuma yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilingoja aulize, na akauliza. "Na mujukuu wangu?"

"Nilimwandika kabla hamjafika hapa siku ya kwanza. Ni mzuri. Wanamchukua. Hamkuwa na haja ya kuja."

Alilia. Sijui kama ni furaha ao aibu, na sikutaka kujua. Tulimrudishia jogoo wake. Alitembea kuelekea mtoni amemkumbatia, na watu wakampisha njia bila kumsalimu.

Mji huu mambo hayalali. Habari ilifika upande wa pili wa mto kabla ya mtumbwi wake. Uwanjani, kile kiti alichokuwa anawekewa kivulini siku za fainali, sasa hakuna anayekileta. Mwanawe humpigia mama simu kila Jumapili baada ya ibada. Wanaongea juu ya kaka yangu, na yeye hukumbuka vitu ambavyo hata mimi nilisahau: wimbo alioimba akifunga viatu, jinsi alivyopenda ndizi za kuchoma zilizoungua. Mama huweka simu kwenye sauti kubwa na kufumba macho.

Kijana nilimwona tena mwezi wa pili, amevaa shati la timu yetu. Baba yake alishamweleza. Alisimama mbele yangu na fimbo yake, anatoka jasho, akasema asante kwa Kiswahili kibovu. Nilimpa mkono. Nilitafuta ndani yangu ile chuki nimpe kipande, sikukipata. Nikamwambia bega la kulia analisahau akichoka.

Mwaka huu mzee aliugua. Pasta alikuja kwetu, akaketi kwenye baraza, akakunja mikono. "Anaomba muende kumuona," akasema. "Mukamusamehe, aende kwa amani."

Mama alikuwa anatwanga. Hakusimamisha mchi. "Mwambie nimesikia," akasema.

Pasta akanigeukia. Nikamwambia nina mchezo wa kuangalia, wa vijana wa Slovakia, na kweli ulikuwepo. Nikaingia ndani nikauwasha. Sikuenda siku ile, wala wiki iliyofuata. Mzee akapona, bado yuko hai ng'ambo ya pili ya mto, na mimi bado sijaenda.